Siku Niliyomjibu Karani "Hatuna Neno"

Nakumbuka asubuhi moja pale Busia, upande wetu wa Uganda, nilipokuwa msichana muuza samaki wakavu. Uwanja wa kuwauzia madereva wa malori ulikuwa mmoja tu. Nisimsingizie mwenye uwanja: aliezeka mabati, akaweka mlinzi, na samaki walioharibika hawakupita langoni. Lakini alichukua sehemu ya kila tulichouza, akiongeza apendavyo, na alitukataza kumwambia mteja tunakaa wapi, asije akanunua huko kwa bei nafuu. Hata hivyo, mwanangu, naikumbuka raha ya siku zile. Rafiki yangu Taaka alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Basi dereva mmoja akamuuliza Taaka kwao ni wapi, naye akamwambia, Lumino. Kesho yake mlinzi alimzuia langoni, kikapu kichwani.

Wiki hiyo hiyo akaja karani wa baraza la mji. Walifikiria kumwekea mwenye uwanja kikomo cha anachotoza, na sheria kwamba muuzaji asifukuzwe bila kusikilizwa. Akaniuliza mimi kama tuna malalamiko. Mwenye uwanja alikuwa amesimama hapo hapo, ananitazama.

"Hatuna neno, bwana," nikasema.

Karani akafunga daftari, akaenda zake. Taaka akarudi kulima. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa wewe umetengeneza programu ya simu, mawakala wa forodha wajue lori lao limefika wapi. Duka la programu linakata sehemu ya kila malipo, na linakukataza kuwaambia wateja kwamba wanaweza kukulipa moja kwa moja. Serikali imewaita vijana mjieleze kabla haijaamua kuingilia kati, nawe waniambia, "Nyanya, nikisema wenye duka wataniondoa."

Huenda wakakuondoa kweli, sikudanganyi. Lakini nenda. Usiende kutukana, duka linazuia matapeli, lilipwe kwa kazi hiyo. Na serikali isijifanye mwenye duka, maana nayo naijua. Iweke kikomo, na mahali pa kulalamika ukionewa, basi. Taja jina lako, sema ulichokatazwa. Ukinyamaza wataandika kwamba mmeridhika, na mwenzako ndiye atakayefungiwa.

Mungu akufungue kinywa, mwanangu, na hata wakikufungia mlango, riziki yako isikupotee.