Shuka Kati Yetu

Kazini tulimwita Mvuke, kwa sababu alishinda mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, na ukitaka kumwona usoni ilibidi usubiri mvuke upungue. Jina hilo nililianzisha mimi. Hakununa. Alicheka kwa mabega, bila sauti, na kesho yake nilipomwita hivyo akaitika.

Mimi na yeye tulikunja mashuka ya hoteli. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, labda kama anataka kufagia nalo sakafu. Yeye anashika pembe mbili, mimi pembe mbili, tunavuta linanyooka, tunakutana katikati, ananikabidhi pembe zake, anarudi nyuma. Chumba chenyewe kiko chini ya jengo, hakina dirisha, na mashine zinanguruma tangu asubuhi, kwa hiyo mazungumzo hakuna. Kuna kupiga kelele na kuna kuvuta. Ukivuta shuka mara moja, maana yake legeza. Ukivuta mara mbili, njoo tukutane. Tumefanya hivyo miaka na miaka, mpaka nikawa najua Mvuke ana mafua kwa jinsi anavyovuta tu. Mambo ya nyumbani kwake sikuyajua. Yangu pia hakuyajua, na sikuona anachokosa.

Alikuwa mjane, nilikuja kujua baadaye. Mwanawe wa pekee alihamia ng'ambo, akaoa huko, akapata binti, na binti huyo hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Jumapili mchana mwana alipiga simu, akakaa katikati ya babu na mjukuu akitafsiri. Mvuke alikuwa akieleza jino lililomsumbua, maji ya mvua yaliyopita chini ya mlango, paka wa jirani anayemchungulia dirishani, halafu mwana anageuza yote hayo kuwa maneno machache, na mtoto anajibu neno moja. Mvuke hakujua Kiingereza, lakini kupima alijua.

"Mimi natoa shuka zima," aliniambia siku moja tukiwa nje, tunapumzika. "Yeye anafikisha leso."

Basi akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Nilimcheka sana. Nilimuuliza kama mwalimu atamnunulia na kaptula. Lakini mwalimu wao, mama mmoja asiyependa kukaa, hakuwakaririsha vitabu. Aliwaambia waseme wanachofanya palepale wanapokifanya, kisha waongeze wanakifanyia wapi au na nani. *Sitting on the chair*, nimekaa kitini. *Walking to the door*, naelekea mlangoni. Alisema wenye lugha yao ndivyo wanavyozungumza siku nzima. Mtu akiulizwa kwenye simu anafanya nini, hajisumbui na sentensi ndefu, anajibu tu *waiting for the bus*, nasubiri basi, yamekwisha. Sharti lake lilikuwa moja: usiseme uongo. Kama hukukaa, usiseme umekaa.

Mvuke akashika hapohapo. Ikawa hatupumui. Anavuta shuka, anapaza sauti juu ya mngurumo: "*Standing at the table!*" Anakwenda kunywa maji, naye anajitangaza: "*Going to the tap!*" Nilimwambia aniache, kwamba mume wangu alipoondoka nilidhani nimemaliza kusikiliza wanaume wanaojisimulia. Akacheka kwa mabega, akaendelea. Pole pole na mimi maneno yakaniingia, nikitaka nisitake.

Nyumbani kwake alifanya vilevile. Jirani alimsikia hadi akamuuliza nani amehamia. Mvuke alinisimulia hayo akicheka, na akanitajia zile sentensi za jioni alizozizoea: *cooking for one*, napika chakula cha mtu mmoja, *sleeping by the wall*, nalala upande wa ukutani, *sitting with nobody*, nimekaa na hakuna mtu. "Mwalimu kasema tusidanganye," alisema. Nilitaka kutia mzaha hapo, badala yake nikamwambia turudi kazini.

Ikafika Jumapili aliyojiona tayari. Akamwomba mwanawe ampe mtoto simu, na yeye akae pembeni. Jumatatu nilitegemea kusikia habari ndefu. Tulikunja mashuka ya ghorofa nzima hajatamka kitu, na alikuwa akivuta ovyo. Mwishowe tukakutana katikati na pembe hakunikabidhi.

"Amelia," alisema. "Mtoto amelia. Anasema babu yake mkali."

Mvuke, ambaye hajawahi kumfokea hata yule paka. Nilielewa mara moja, maana na mimi dada zangu hunikataza kuongea kwenye msiba. Mashine zimetula masikio sote wa kule chini. Tunapiga kelele kazini, tunapiga kelele sokoni, tunapiga kelele tukitoa pole. Na yeye Kiingereza chake chote alikuwa amejifunzia mbele ya mashine. Hakujua kukisema kwa namna nyingine.

"Mwanangu anasema tujaribu Jumapili hii," aliendelea. "Akikataa tena, tumwache kwanza. Eti atakua." Akatazama pembe za shuka mkononi. "Atakua, lakini mimi nitakuwa wapi? Njoo unisaidie, dada yangu. Mimi sauti yangu siisikii ikipanda."

Jumapili nilikwenda, kabla ya saa ya simu. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kujua mlango wake ni wa rangi gani, kumbe ni wa kijani, umechubuka chini. Ndani kulikuwa na kitanda, meza, jiko, picha ya mtoto asiye na meno ya mbele, na kiti kimoja. Kiti akanipa mimi. Nilikaa nikawaza kwamba huyu hajawahi kuhitaji cha pili, kisha nikakumbuka kwamba kwangu pia kiko kimoja, nikaacha kuwaza.

Nilitandua shuka la kitandani kwake, nikampa pembe, nikabaki na pembe.

"Haya, Mzee. Nikivuta?"

"Nilegeze."

"Basi leo unalegeza sauti. Sema."

"*Sitting on the bed!*" Nikavuta. Akarudia. Nikavuta. Akarudia, nikavuta, akaanza kukasirika, nikavuta, akacheka, akarudia. Na hapo, baada ya kushuka na kushuka, ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa laini, na kikwaruzo kidogo mwishoni. Nilimtazama mdomo kuhakikisha ni yake. Nimemjua mtu huyu miaka yote hiyo na sauti yake ndiyo kwanza naisikia. Nilitamani aseme kitu chochote kwa Kiswahili, kwa sauti ileile, aniambie mimi. Lakini simu ikaita.

Mwana alisalimu, akasema mtoto yuko, ila amesimama mbali. Mvuke akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi tuisikie wote. Akashika tena pembe zake za shuka, nami zangu.

"*Sitting on the bed*," alisema.

Tukaiinamia simu.

"*Looking at your picture*." Natazama picha yako.

Nikashika pembe kwa nguvu. Halafu kikasikika kisauti, karibu kabisa na simu. *Lying on the floor*. Mtoto kajilaza sakafuni. Mvuke akafumba macho.

Baada ya hapo hawakunihitaji sana. Mtoto alikuwa anachora mguuni mwake mwenyewe. Babu alikuwa anamwangalia paka dirishani. Mtoto akacheka, Mvuke akafurahi sauti ikapanda, nikavuta, ikashuka. Tukawa tunafanya kazi vizuri, kama siku zote. Niliona raha. Niseme ukweli, nilianza kuwaza Jumapili zitakazofuata, na kwamba ningeweza kuja na kiti changu.

Kisha mtoto akauliza babu yuko na nani hapo. Swali hilo nililielewa lote.

Mvuke hakuwaza hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye picha. "*Sitting with nobody*," alisema.

Magoti yangu yalikuwa karibu yagusane na yake. Iliniuma, sitaficha. Labda lilitoka kwa mazoea, maana ndilo alilojifunza kusema chumbani humo kila jioni. Nilijiambia hivyo, lakini mkono wangu haukusubiri nimalize. Ulivuta shuka.

Akageuka kunitazama, akainamisha kichwa kuniomba radhi. Alidhani amepaza sauti tena. Akausogeza mdomo karibu na simu, akalirudia taratibu, kwa ile sauti nzuri niliyomtafutia mimi.

"*With nobody*."

Safari hii mtoto alimsikia vizuri, na mimi pia.