Ngwe ya Wegesa

"Usinisogezee hiyo samli, dada Nyangi. Nimeinywa tangu natambaa na bado naanguka."

Wegesa alikirudisha kikombe. Nyangi, jirani yake wa Gorong'a, alikuwa amemletea samli ya kumtia nguvu, na papo hapo kumdai ngwe aliyoiacha bila kuimaliza. Msimu uliopita ilikuwa risaga, kazi ya wanawake kulimiana kwa zamu, na zamu ilikuwa ya Nyangi. Wegesa akalegea katikati ya ngwe, misuli ikamkaza, akabebwa. Magugu yakabaki. Tangu hapo hakuitwa kwenye risaga yoyote.

"Mwili wote huo, nguvu zinakwenda wapi?"

"Zimo, ila haziwaki. Daktari wa Mwanza kasema mwilini kuna kimeng'enya cha kuyaamsha mafuta ndipo yachomwe. Changu ni kibovu. Chakula kikiisha tumboni, mafuta yananiangalia tu, kama kuni bila kiberiti."

"Na sisi tulikuwa tunakuongezea kuni."

"Miaka yote. Mama, bibi, mama mkwe. Na juu yake nikaitwa mvivu."

"Dawa yake?"

"Kiazi. Kula kidogo kidogo, nisikae na njaa."

"Risaga haili mpaka shamba liishe. Unajua."

"Ndiyo maana wimbo wenu wa kulimia nausikilizia jikoni." Wegesa aligeukia mafiga. Kila alfajiri wimbo ulipovuka bonde, mdomo wake uliitikia peke yake, mahali pale pale alipokuwa akiitikia tangu usichana. Jembe lake lilikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa bado analinoa.

Nyangi akainywa ile samli mwenyewe.

"Jumamosi uje. Deni ni deni. Viazi vyako ubebe."

Jumamosi Wegesa akaja shambani kwa Nyangi na viazi vya kuchemsha ndani ya kanga. Jua lilipopanda akasimama, akatafuna kimoja.

"Huyu kaja kulima au kaja harusini?" akauliza Scholastica, ambaye mdomo wake haujawahi kulala njaa.

"Lima wewe," Nyangi akamjibu. "Mdomo hauna mpini."

Wimbo ukaanza. Ulipofika mahali pake Wegesa akaitikia.

Alimaliza wa mwisho. Wenzake walikuwa wameegemea majembe. Hakuna aliyekwenda kwenye ugali. Nyangi akaipitia ngwe yote, akapiga teke bonge moja la udongo.

"Deni limeisha. Jumatano tuko kwa Scholastica. Viazi usisahau, na mimi uniletee kimoja."