Sukuma Isiyokatwa

Kwa nini mama mboga wetu aliacha kutukatia sukuma wiki? Mtaani Dandora nilikokulia, kukatiwa mboga ni sehemu ya kununua. Alijua nyumba gani inataka nyembamba kama nyuzi na gani haijali, na kisu kilienda huku akikuuliza habari za nyumbani. Kisha akaanza kukunja majani mazima na kuyatia kwenye mfuko wa mteja, basi.

Majirani walikuwa na jibu tayari: huduma imekufa kila mahali. Keshia wa supamaketi hakutazami, wa duka la dawa anakujibu macho yakiwa kwenye simu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na sikubali jambo kwa sababu tu kila mtu analisema. Adabu ya mtu haiishi ghafla hivyo. Lakini jibu langu mwenyewe sikuwa nalo.

Kwa mama yangu hili halikuwa la kubishania. Baridi yabisi ilikuwa imemkaza vidole, kisu hakishikiki. Akaanza kununua sukuma iliyokatwa tayari, ile ya trei, kutoka supamaketi iliyofunguliwa karibu. Sasa, mtaani kwetu hupiti mbele ya mama mboga wako umebeba mboga za kwingine. Mama akawa anazunguka nyuma ya kanisa. Siku moja akahisi ameonekana, na tangu hapo hakukanyaga tena kibandani. Alikuwa amestaafu. Pale ndipo alipokuwa akipiga gumzo lake la kila siku, na sasa alishinda ndani kimya akidhani amempoteza rafiki.

Jumamosi moja nilienda mwenyewe.

“Msomi,” mama mboga akasema. “Leo umetumwa ama umepotea?”

“Mama anaogopa umemkasirikia.”

“Kwa sababu ya trei?” Akapangusa mikono kwenye leso. “Wote wanapita huko nyuma ya kanisa. Kama mchungaji angewaona wengi hivyo Jumapili, angefurahi.”

“Kwa hivyo hujakasirika?”

“Mtu akila kwingine amevunja ndoa? Hebu niambie, hizo za trei zimekatwa vizuri?”

“Mama anasema zimekatwa vizuri sana.”

Alicheka mpaka akashika meza. Nikaona ni kicheko cha mtu asiye na kinyongo.

“Na mbona siku hizi hukati?” nikauliza.

“Mkono umechoka, mwanangu.” Hata hivyo alichukua kisu, akatukatia fungu moja, taratibu. “Mwambie mama yako apite hapa mbele na hiyo trei yake. Habari za mtaa zimejaa hapa, nani atazisikiza?”

Jumatatu mama alipita mbele, trei mkononi, akakaa kwenye kreti ya soda hadi jua lilipopungua. Alirudi nyumbani akiongea toka mlangoni, na sufuria ikachelewa kuwekwa jikoni. Sikulalamika. Sukuma ya kibandani iliendelea kuuzwa nzima, na majirani wakaendelea kusema huduma imekufa.

Mwaka mwingine kabisa, supamaketi ile ilipokuwa imeshafungwa, ndipo nilipojua kwamba kila alfajiri mama mboga na dada yake walikuwa wakikata sukuma ya zile trei zote.