Mtangazaji Aliyekwama kwa Babu

Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, Fulugensio Wasswa, mtangazaji wa mpira redioni, alitangaza bao la ukoo wa Senene kwa sekunde kumi na nane, na la ukoo wa Kamongo kwa sekunde kumi na moja. Aliyezihesabu ni Mzee Erisa wa Kamongo, aliyekuwa na redio sikioni na saa mkononi.

Fainali hiyo ya koo za Baganda iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, ikapangwa kurudiwa. Mkuu wa redio, hapa Masaka, alitoa sharti: koo zote mbili zimkubali Wasswa, la sivyo atatangaza mwingine. Wasswa ana miaka hamsini na miwili. Ishirini na mmoja ameimalizia kwenye maikrofoni.

Jumatatu Erisa alikwenda redioni kulalamika, akamkuta Mzee Kezekiya wa Senene ameshafika, naye akidai penalti yao ilitangazwa kama tangazo la msiba. Wasswa aliwapa buni za kutafuna, kama wageni wanavyopokewa Buganda. Hakuna aliyegusa.

"Ukoo wako upi?" aliuliza Erisa. Kila ukoo una majina yake, lakini hili halikumsaidia: Wasswa huitwa pacha wa ukoo wowote.

"Mimi wa redio, mzee."

"Redio haina babu. Jitaje, kama wachezaji."

Kabla ya mechi kila mchezaji hutaja baba, babu na waliotangulia, mbele ya wazee. Mamluki hunaswa hapo, na Wasswa huwatangaza kwa kicheko: "Kakwama kwa babu, mrudisheni kwao!"

Alisimama. "Mimi Wasswa, wa Yozefu, wa..."

Yozefu alikufa Wasswa na pacha wake wakiwa wanatambaa. Mama aliondoka nao, na hakutaja tena watu wa upande wa baba.

Kezekiya alikuwa wa kwanza kucheka. "Kakwama kwa babu!"

"Kumbe si wenu," alisema Erisa.

"Wala wenu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, bwana. Mwenye ukoo unajua ataegemea wapi. Huyu je?"

"Leteni basi mtangazaji wenu."

"Ili mseme ni wetu?"

Wasswa alikuwa bado amesimama. Erisa alichukua buni moja, akaigeuzageuza, akaitia mfukoni bila kuitafuna. Kisha wote wawili wakamwambia mkuu wa redio wamekubali, kwa masharti.

Jumamosi saa kumi jioni Wasswa atatangaza marudiano. Erisa atakaa kushoto kwake na Kezekiya kulia, kila mmoja na saa yake.