Kipande cha Mwalimu

Muuza magazeti wa stendi ya Korogwe ndiye aliyeniambia, huku akinikunjia gazeti langu, kwamba yule karani wa zamani wa mkonge amefariki na wameshamzika kwao Hale. Sikulia. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wawili waliowahi kupanga kuandika kitabu kimoja, na wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba mimi hupanga kuandika mambo mengi.

Alikuwa karani wa stoo katika shamba moja upande wa Ngombezi. Mashamba yalipouzwa, mwenye mali mpya alikuja na karani wake, naye akapunguzwa. Soko huria, tukaambiwa. Akaenda kujifunza kompyuta ukubwani, akarudi na programu ya hifadhidata, yaani ya kutunza kumbukumbu kwa mpangilio ili ukiiuliza ikujibu. Yeyote aliruhusiwa kuinakili, kuifungua ndani na kuirekebisha, kwa hiyo akaiita programu huria. Alitukusanya watu sita katika darasa la shule niliyokuwa nikifundisha, tupange kitabu cha Kiswahili cha kuielezea, kila mmoja na sura yake.

Kikao kilikwama kwenye neno hilohilo. Mama mmoja wa Sindeni, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za chanjo za ng'ombe wa wafugaji wa kule, alinyoosha mkono.

"Samahani kaka. Huria hii ndiyo ile iliyokutoa kazini?"

Tulicheka, naye akacheka wa mwisho. "Ile ilikuwa huria ya mwenye kununua, dada. Hii ni ya mwenye kutumia. Ndiyo maana tutaandika kwa msaragambo, kama tunavyofyeka barabara ya kijiji. Kila mtu na panga lake, kila mtu na kipande chake."

"Na asiyetokea?"

"Kipande chake kinabaki na majani. Hatumfyekei. Akipita atakiona."

Mimi nilipewa sura ya kutunza nakala za akiba. Nikauliza jina la nani litakaa kwenye jalada. "Yote," akanijibu, "kwa herufi za ukubwa mmoja." Niseme kweli, hapo ndipo nilipokichoka kitabu chake. Nilikuwa nimeanza kuandika safu hii gazetini, jina langu likitoka juu peke yake, na sikuona sababu ya kulipanga foleni. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinawekewa uzio na mwenyewe, nasi tuliozoea mali ya umma tulijifunza haraka kuuliza kwanza, hii ni ya nani? Kila tulipokutana sokoni alinisalimia vilevile, bila kinyongo: "Mwalimu, majani yamefika kiunoni." Nilimwahidi wiki ijayo. Baadaye nikawa nabadilisha njia nikimwona.

Juzi nilikwenda Hale kutoa pole. Yule mama wa Sindeni alikuwepo, akanipa faili. Wenzangu wote walikuwa wameandika. Sura zao zilikuwa zimetolewa fotokopi mpaka wino umefifia, na vijana wa Handeni wanajifunzia hizo, lakini kitabu chenyewe hakijachapwa. Karibu na mwisho nikakuta ukurasa mtupu wenye kichwa cha sura yangu, jina langu kwa herufi sawa na za wengine, na chini yake maneno ya penseli kwa mwandiko wake: "Mwalimu yuko njiani."

"Kwa nini hakuiandika mwenyewe?" nikauliza. "Aliijua kuliko mimi."

"Tulimwambia hivyo. Akasema hicho si kipande chake."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mhariri yeyote. Nilidhani kitu cha wote hakina mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayenidai. Kumbe kina wenyewe wengi, na mmoja akikosekana pengo lake linaonekana kwa jina. Leo safu ni fupi, mniwie radhi. Nimechelewa, na majani yamenipita kichwa.