Mbaazi Nilizouma na Kutema

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nilianza na baiskeli isiyo na breki, nikibeba gunia moja moja la mahindi kutoka Bonga, na nilipofika miaka arobaini nilikuwa na ghala Maisaka hapa Babati, nyumba tatu Bagara, na katika kila nyumba mpangaji mwenye tai. Mkoa wetu ulikuwa mpya wakati huo, na maofisa walikuja wengi kuliko vyumba. Shule niliiacha darasa la nne. Waliomaliza ndio hao wapangaji.

Biashara yangu kubwa ilikuwa mbaazi kavu. Wakulima waliniletea, mimi nikazipakia lori kwenda Arusha, na kutoka huko zikavuka bahari kwenda kwa Wahindi. Kupima ukavu hakuna aliyeniweza. Nilichomoa punje katikati ya gunia, nikaiuma, nikasikiliza inavyovunjika, nikatema. Isipolia, gunia linarudi juani. Sijui nimetema punje ngapi katika maisha yangu, lakini kumeza sikumeza hata moja. Kwetu mbaazi mbichi watoto walizichemsha na maganda yake, wakiwa shambani. Zikishakauka ni za lori.

Nyumbani tulikula vizuri, maana yake tulikula vya kununua: sembe nyeupe, nyama, mkate wa dukani, soda. Kwa hiyo kadi ya kliniki ya binti yetu wa mwisho ilipoonyesha mstari unashuka, nilimwambia nesi mizani yake ni mbovu. Mizani naijua. Ninazo mbili ghalani na najua zinavyoweza kudanganya. Nesi alichukua mtoto wa mama aliyefuata kwenye foleni, wa umri uleule, akampima mbele yangu. Mizani ilikuwa nzima.

"Huyu wako anakula nini?" akaniuliza.

"Kila kitu. Maziwa ya kopo, biskuti, nyama, soda."

"Anakula, au mnampa?"

Mke wangu akatazama sakafu.

"Tunampa," nikasema.

"Basi anashiba biskuti na soda kabla chakula hakijaiva. Acheni hivyo vitu. Baba, mtoto wa mwaka na miezi tisa, kilo nane na nusu! Mwezi ujao nisipoona ameongezeka, nawaandikia mkalazwe hospitali."

Mke wangu alilia njia nzima. Mimi sikulia. Niliingia sokoni. Nilinunua maini, perege wa ziwani, asali, mayai ya bata, kila kilichosifiwa na mtu yeyote aliyekuwa amesimama karibu. Mtoto alipokea kila tonge bila ubishi, akaliweka shavuni, akasubiri niangalie pembeni, halafu akalirudisha kwenye kiganja changu. Alikuwa mtoto wa adabu. Siku kumi zikaisha, na mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuchokonolea masikio.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, sikumwona uani. Nilimkuta kwa jirani yetu mwenye duka. Mke wa jirani huyo alizaliwa Tanga na alipika mambo ya kwao. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono ndani ya sahani hadi kifundo, uso mzima wa manjano, anakula. Hakuweka kitu shavuni. Alikuwa anameza.

"Karibu, shemeji," mama yule akasema. "Mwanao amekuja kunidai chai."

Nikachungulia sahani. "Shemeji, hizi si mbaazi?"

"Mbaazi za nazi."

"Lakini hizi tunawauzia Wahindi."

"Na Wahindi wanazifanyia nini? Wanachezea bao?"

Mumewe akacheka kule dukani hadi akakohoa. Mama akaendelea, "Mtu unapakia malori na hujui ladha yake! Wewe ni fundi cherehani anayetembea uchi. Kaa hapo."

Nilikaa. Niliuma, na mdomo kwa mazoea ukajiandaa kutema. Nikameza. Sitaki kusema mengi. Nilimaliza sahani, nikaomba nyingine.

Akanipa maelekezo. Loweka usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha mpaka zipondeke kwa kidole, kaanga kitunguu na bizari, tia tui. Nazi Babati inafika kwa basi na bei yake ni ya kusafiri, kwa hiyo siku nyingine weka karanga za kusaga. Mwishoni tia mchicha uliokatwa mdogo mdogo, mtoto asiuone akautoa.

Ghala langu lilikuwa tupu. Lori lilikuwa limeondoka juzi yake. Nikanunua mbaazi kwa jirani, za kupimwa kwa kibaba, kama mtu wa kawaida.

"Baba watoto," mke wangu akasema alipoona mfuko, "wapangaji wakisikia harufu hii watasema umefilisika."

"Waache waseme. Kodi watalipa."

Alipika. Mtoto alikula mchana, akala jioni, na kesho yake alikwenda mwenyewe kusimama karibu na sufuria. Yai la kuku wetu tulilipondea humohumo akalimeza bila kujua. Soda nilikunywa mimi, nje, nimesimama.

Siku ya kliniki nilikuwa mwanaume peke yangu kwenye benchi. Nesi alimpima binti yangu mara mbili, maana sasa na yeye aliishuku mizani. Kilo tisa. Akachora nukta kwenye kadi, na mstari ukapanda. Mke wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Baba, simama uwaeleze wenzako ulichompa," nesi akasema.

Nikasimama. Kusema mbele za watu kwangu si shida, nimeshauza mahindi mabovu kwa maneno matupu. Nikaeleza kuloweka, kumwaga maji, karanga, mchicha. Akina mama wakanitazama nguo, wakanitazama saa. Mmoja aliyebeba mapacha akauliza, "Hicho chakula chako, mzee, kwa mwezi ni shilingi ngapi? Maana sisi si matajiri."

Nimezoea kutaja bei kubwa. Hii niliitaja polepole, nisisikike vibaya.

"Elfu tatu na mia tatu," nikasema. "Na nazi mbili zimo humo."