Vikombe Sita vya Miji Mitatu

Mama alikuwa mpika chai wa ushirika wa miji yetu mitatu, ule uliotafuta wawekezaji. Ushirika mzima ulikuwa na vikombe sita vya heshima. Mgeni akishakunywa mji wa kwanza, Mama alivifunga kwenye taulo na kumtangulia mji wa pili, kisha wa tatu.

Siku moja mwenye kiwanda cha soksi alifika mji wa tatu, akakikodolea macho kikombe chake kilichomeguka ukingoni. "Mama, hiki si nimekinywea tangu asubuhi?"

Mama hakumung'unya maneno. "Ndicho hicho, baba. Tunavyo sita tu, tunaazimana."

Mwenyekiti wa ushirika alitamani ardhi ipasuke immeze. Mgeni alicheka mpaka machozi. "Wanaoazimana vikombe hawatanigombania." Akajenga kiwanda kwetu.

Leo ushirika umevunjika; kila mji una ofisi yake na kabati la vikombe vinavyong'aa, na kazi yao ni kunyang'anyana wageni. Vikombe vyote hivyo, akili ziko wapi?

Juzi mwenye soksi, mzee sasa, alikuja nyumbani kutuaga. Kiwanda kinahama, amechoka kuvutwa huku na huku. Mama akamtilia chai kwenye kile kilichomeguka, ambacho Mama alipewa alipostaafu. Mzee alikishika kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa.